Herufi zako zinapita wapi? Majibu kuhusu antivairasi na kivinjari

Antivairasi imezuia linki niliyotumiwa WhatsApp, inadai ni ya kitapeli. Kwenye simu tovuti ileile inafunguka, ina kufuli na https. Nimwamini nani?

Iamini antivairasi. Kufuli linakuhakikishia kwamba njia kati ya kivinjari chako na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) imefichwa, basi. Mwenye seva anaweza kuwa mwizi. Cheti cha https, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha jina la tovuti, kinapatikana bure, kwa mfano kutoka Let's Encrypt, kwa yeyote anayemiliki jina la tovuti, na matapeli nao wanayo majina. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliondoa alama hiyo ya kufuli kwa kuwa watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Antivairasi hulinganisha anwani na orodha ya kurasa zilizokwisha kuripotiwa, kisha hupekua ukurasa wenyewe. Orodha ina udhaifu wake: ukurasa uliotundikwa nusu saa iliyopita huenda haumo, kwa hiyo kutozuiwa hakumaanishi uko salama. Soma anwani mwenyewe. Katika benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia, tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https:// kisha rudi nyuma: mwenye tovuti ni hakiki-akaunti.com. Jina la benki lililotangulia ni pambo tu.

Antivairasi yangu ya Kaspersky ina kibodi ya kwenye skrini, na Windows inayo pia. Si kitu kilekile?

Hapana, na wengi wanakosea hapa. Kibodi ya Windows (bonyeza Windows+Ctrl+O) iliwekwa kwa ajili ya wanaoshindwa kutumia kibodi ya kawaida. Ukibofya herufi pale, Windows huipokea kama umebonyeza kitufe cha kweli, na programu ya kunasa herufi iliyojibanza kwenye mashine huinasa vilevile. Kibodi ya antivairasi imeundwa kuikwepa programu hiyo. Tena huzuia programu nyingine kupiga picha ya skrini, maana kuna zinazopiga picha kila unapobofya mausi.

Si lazima uhangaike na mausi kila mara. Ipo pia kinga ya kibodi ya kawaida: dereva ya antivairasi (programu inayosimamia kifaa kama kibodi) huidaka herufi mapema na kuifikisha kwenye kivinjari kabla programu ya kunasa haijaiona. Ili ifanye kazi, zima na kuwasha kompyuta baada ya kusakinisha, na uhakikishe kiendelezi cha antivairasi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kimewashwa ndani ya kivinjari. Watu hukizima kwa sababu kinawasumbua na ujumbe, halafu wanashangaa kinga haipo.

Hata hivyo, wapo wezi wasiojishughulisha na kibodi hata kidogo. Zeus, programu ya wizi iliyogunduliwa mwaka 2007, ilijipenyeza ndani ya kivinjari na kuisoma fomu ikishajazwa, kabla haijafichwa na https. Hapo andika kwa kibodi yoyote, matokeo ni yaleyale. Kinga yake ni kivinjari cha pekee cha malipo, kama Safepay ya Bitdefender au Safe Money ya Kaspersky, kinachofunguka kimejitenga na programu nyingine. Kitumie kwa benki tu.

Tangu nisakinishe antivairasi, Firefox inalalamikia cheti karibu kila tovuti.

Ili kukagua ukurasa wa https, antivairasi nyingi huufungua zenyewe, huupekua, kisha hukukabidhi ukiwa na cheti kilichosainiwa na antivairasi. Tazama cheti, sehemu ya mtoaji: ukikuta jina la antivairasi yako, chanzo ndicho hicho. Firefox ina hifadhi yake ya vyeti, na yawezekana cheti kikuu cha antivairasi, kinachofanya vyeti inavyosaini vikubalike, hakikuingia humo. Zima ukaguzi wa https kwenye mipangilio ya antivairasi, fungua Firefox upya, kisha uwashe tena. Ukikuta mtoaji usiyemjua kabisa, usijaze chochote.

Kabla ya yote hayo, angalia saa. Kompyuta inayorudi miaka ya nyuma kila ikizimwa huviona vyeti halali kuwa bado havijaanza kutumika. Dawa yake ni betri ya ubao mama (bodi kuu ndani ya kompyuta), mara nyingi ile ya duara, CR2032.

Najaza maombi ya ajira kwenye kompyuta ya cyber. Ina antivairasi. Yatosha?

Haitoshi. Chungulia nyuma ya mashine: kipande kidogo kama adapta kati ya waya wa kibodi na tundu la USB kinaweza kuwa kinarekodi kila kitufe, na antivairasi haikioni kwa kuwa kompyuta inaona kibodi tu. Kibodi ya skrini hukikwepa kifaa hicho, lakini programu za mashine huzijui. Ingia kwa simu yako, cyber itumie kuchapisha. Ukilazimika kuingia pale, fungua dirisha la faragha, kataa kivinjari kikitaka kukumbuka nywila, toka kwenye akaunti, kisha badilisha nywila ukiwa kwenye simu yako siku hiyohiyo. Na vyeti vyako vya masomo ulivyopakua uvifute kwenye Downloads na kwenye pipa la taka pia. Hilo husahaulika kuliko yote.

Nikiweka antivairasi mbili?

Zitagombania faili lilelile na mashine itakuwa nzito. Defender, antivairasi inayokuja na Windows, hujizuia yenyewe ukiweka nyingine. Zisizojizuia, ondoa moja.