Kabla ya kuongeza gesi ya AC, soma kwanza nobu za dashibodi

Gari la zamani likiacha kupoza, neno la kwanza kusikika gereji ni "gesi imeisha". Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja; ukijaza bila kuziba, umenunua wiki chache tu. Tena mara nyingi gesi haina kosa: tatizo ni waya uliolegea nyuma ya dashibodi, fyuzi, au maji ya moto yanayopita pasipotakiwa. Hapa tunazungumzia magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Corolla, Carina, Sunny na wenzake, yenye nobu za kuzungusha au vishikizo vya kuteleza.

Nobu inayosumbua watu zaidi ni ile ya bluu na nyekundu. Haiwashi AC wala haiizimi. Kazi yake ni kuchanganya. Hewa ikitoka kwenye feni hupita kwanza kwenye evapareta, kifaa kinachoipoza, ambacho mafundi wengi hukiita kulingkoili, kisha hukuta kibao kinachoamua kiasi gani kipite kwenye hita, yaani rejeta ndogo inayopitisha maji ya injini. Kwa hiyo AC inaweza kuwa nzima kabisa, ikapoza hewa vizuri, halafu hewa hiyohiyo ikapashwa moto upya kabla haijakufikia, kwa sababu tu kibao hakikufunga.

Kukagua ni rahisi. Fungua kifuniko cha chini ya dashibodi, mtu azungushe nobu kutoka bluu hadi nyekundu huku wewe ukitazama kule waya unaovutwa na nobu unakoishia. Mkono wa kibao lazima ufike mwisho kabisa pande zote mbili. Usipofika, toa klipu inayoshika ganda la waya, weka nobu kwenye bluu, sukuma mkono hadi mwisho wa baridi, kisha rudisha klipu bila kuacha chochote kisogee. Baadhi ya magari yana pia valvu ya maji kwenye ukuta wa injini, na yenyewe inavutwa na waya. Nobu ikiwa bluu, bomba linalotoka kwenye valvu kuingia ndani linatakiwa kupoa. Likibaki la moto, valvu haifungi. Kama gari lako halina valvu, mabomba yote mawili ya hita kuwa moto ni kawaida, usimruhusu mtu akuuzie kitu kwa sababu hiyo.

Upande wa joto una mkasa wake. Hita ikivuja, mafundi wengi huunganisha yale mabomba mawili na kuiruka. Nyekundu inabaki pambo. Wengine hutoa thamostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, wakidhani wanazuia injini kuchemsha, na matokeo yake maji hayafikii joto la kawaida upesi, hasa ukiwa Njombe au Limuru asubuhi. Ukinunua gari la mkononi, jaribu hita hata kama unakaa Tanga, maana inakueleza mengi. Injini imeshapata moto na hita inatoa hewa baridi huku mshale wa joto ukipanda? Maji yamepungua. Simama, zima, na usiguse mfuniko wa rejeta hadi ipoe. Kioo cha mbele kikijaa ukungu wenye mafuta na harufu tamutamu, na zulia la mbele likalowa, hita inavuja kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Zulia likilowa maji safi yasiyo na harufu, hiyo ni AC: tundu la kutolea maji ya evapareta limeziba. Lizibue kwa upepo au waya laini kutokea chini ya gari. Maji kudondoka nje chini ya gari wakati AC inafanya kazi ni dalili njema.

Nobu ya feni ikifanya kazi kwenye namba ya juu tu, rezista, kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini, imeungua. Inakaa ndani ya njia ya hewa jirani na feni, kwa kawaida nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, imeshikwa na skrubu mbili. Kabla ya kufunga mpya, zungusha feni kwa mkono na uangalie plagi. Feni nzito au iliyojaa majani hula umeme mwingi, na rezista mpya itaungua vilevile. Kumbuka pia kwamba kwenye mengi ya magari haya kitufe cha AC hakipati njia ya umeme mpaka feni iwashwe. Feni ikiwa imekufa, mjadala wa gesi uahirishwe.

Sasa bonyeza kitufe cha AC injini ikinguruma. Mambo matatu yanatakiwa kutokea: "tak" ya klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi), injini kubadilika mlio kidogo, na feni ya kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele, inayopozea gesi) kuzunguka. Hakuna "tak"? Anza na fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha swichi ya presha. Usikubali swichi hiyo iunganishwe moja kwa moja ili kompresa ilazimishwe. Inazuia kompresa kukimbia bila gesi, na mafuta ya kuilainisha husafiri pamoja na gesi. Ikiwa AC inapoza ukiwa mwendoni na kukata tamaa kwenye foleni, mtuhumiwa wa kwanza ni feni ya kondensa, wa pili ni kondensa iliyojaa vumbi.

Geji, yaani vipimo vya presha, ndizo zinazohukumu gesi. Kwa gesi ya aina ya R134a, injini ikiwa kama mizunguko 1500 kwa dakika, presha ya chini huwa takribani bar 1.5 hadi 2.5 na ya juu bar 14 hadi 16, na kwenye joto la Dar ya juu hupanda zaidi. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo. Zote zikiwa juu, imejazwa kupita kiasi au kondensa haipozwi. Kiasi sahihi kimeandikwa kwa gramu kwenye stika chini ya boneti: mfumo unavutwa hewa kwa pampu walau nusu saa, kisha gesi inapimwa kwa mizani. Kushika bomba na kusema "imetosha" si kipimo.

Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinasaidia joto kali na moshi wa malori, lakini kwenye mvua ndicho kinacholeta ukungu. Kioo kikiingia ukungu kwa ndani, chukua hewa ya nje, elekeza hewa kwenye kioo, washa AC na uongeze joto kidogo. AC hukausha hewa, hata ikiwa ya moto. Ukungu ukiwa nje ya kioo, hilo ni jambo jingine: kioo kimepoa mno. Piga waipa na uondoe hewa baridi kiooni.

Kwa Toyota zenye AC ya otomatiki, mfumo hujipima wenyewe. Shika AUTO na kitufe cha hewa ya ndani kwa pamoja huku ukiweka swichi ya ufunguo ON. Taa zitamulika, kisha namba zitatokea: 00 ni salama, 11 kihisi cha joto la ndani, 12 cha nje, 13 cha evapareta. Namba 21 ni kihisi cha jua, na hujitokeza hata kikiwa kizima ukipima ndani ya gereji yenye giza, kwa hiyo peleka gari juani kwanza. OFF inakurudisha kwenye hali ya kawaida.