Bajeti ni kifuko
Uliyeuliza kama ni kweli "bajeti" ilikuwa jina la kifuko: ni kweli kabisa. Sisi tumelipata kwa Waingereza, nao walilichukua Ufaransa, ambako bougette ilikuwa kifuko cha ngozi, yaani bouge (mfuko) ndogo, kutoka Kilatini bulga. Fedha ziliingiaje humo? Waziri kueleza mapato na matumizi bungeni kuliitwa "kufungua kifuko". Kijitabu cha mwaka 1733 kilimkejeli Robert Walpole, waziri wa fedha wa Uingereza, kwa maneno hayohayo, kama tabibu laghai anayefungua mkoba wa dawa zake. Kichekesho ni kwamba baadaye Wafaransa walilirudisha kwao likiwa na maana ya Kiingereza. Nasi tuna "mfuko wa elimu", usio na kamba wala mshono.