Je, Kizimba Kimeushinda Ulingo?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Katika kibanda umiza cha mtaani kwetu tumebishana hadi mwenye kibanda akazima runinga. Vijana wanadai kwamba ngumi zimekwisha, kwamba siku hizi dunia nzima inatazama UFC, na kwamba bondia yeyote akiingizwa kwenye kile kizimba cha wavu hamalizi dakika mbili. Sisi wenye umri kidogo tunasema ngumi bado ndizo zenye watu. Tuamue nani yuko sahihi. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Ndugu msomaji, mlibishania mambo mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana hamkufika popote. Nani angempiga nani ni jambo moja, na nani ana watazamaji wengi ni jambo jingine kabisa. Nitajibu hilo la pili, ingawa la kwanza nitaligusa njiani kwa sababu Mkameruni mmoja, Francis Ngannou, amelifanya lisikwepeke.

Vijana wenu hawakukurupuka. Shindano la kwanza la UFC, kampuni ya mapigano mchanganyiko ambamo ngumi, mateke, kuangushana na kabali vyote vinaruhusiwa, lilifanyika Denver, Marekani, Novemba 1993, likiwa na kanuni chache mno, kiasi kwamba wanasiasa waliupiga vita mchezo huo kwa miaka mingi, na jimbo la New York halikuruhusu mapigano yake ya kulipwa hadi 2016. Mwaka 2001 kampuni yote iliuzwa kwa dola milioni 2; mwaka 2016, mwaka uleule New York ilipofungua milango, ikauzwa tena kwa takriban dola bilioni 4. Agosti 2025 ilitangazwa kuwa kampuni ya televisheni ya Paramount itaonesha mapigano yake kwa miaka saba kwa dola bilioni 7.7. Mchezo uliokuwa ukifukuzwa kumbi za Marekani sasa unagombewa na wenye televisheni.

Sababu kubwa ya mafanikio hayo ni kwamba mwenye mali ni mmoja. UFC ndiyo inayosaini wapiganaji, inayopanga nani akutane na nani, na inayotoa mkanda, hivyo bingwa na mpinzani wake mkali hukutana mapema, mashabiki wakiwa bado wana hamu. Katika ngumi kuna mikanda mikubwa minne, ya vyama vya WBA, WBC, IBF na WBO, na kila mmoja unaweza kuwa na bingwa wake. Kila bondia ana promota wake, na kila promota ana televisheni yake. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walizungumziwa kwa takriban miaka mitano kabla ya kupanda ulingoni pamoja Mei 2015, wakati kila mmoja ameshaanza kupungua kasi. Uzito wa juu nao, ambao ndio uso wa mchezo wenyewe, haukupata bingwa mmoja asiyepingwa tangu enzi za Lennox Lewis hadi Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury mjini Riyadh, Mei 2024. Shabiki aliyezaliwa kati ya vipindi hivyo viwili amekua akiuliza bingwa ni nani, akijibiwa kwa orodha.

Hata hivyo, ukipima usiku mmoja mmoja, mizani inageuka. Pambano la Mayweather na Pacquiao lilinunuliwa na watu wanaolipia kutazama kwenye televisheni mara milioni 4.6 nchini Marekani, ilhali pambano lililouzwa kuliko yote katika historia ya UFC, la Khabib Nurmagomedov na Conor McGregor la Oktoba 2018, lilinunuliwa takriban mara milioni 2.4. Na huyo McGregor, mtu aliyeiuza UFC kuliko mwingine yeyote, mauzo yake makubwa kabisa, zaidi ya milioni 4, aliyapata Agosti 2017 alipokiacha kizimba, akavaa glavu za ngumi, akapigwa na Mayweather katika raundi ya kumi.

Ngannou ni mfano ulio karibu nasi zaidi. Akiwa mtoto kijijini Batié alifanya kazi kwenye machimbo ya mchanga, akimuota Mike Tyson, na alipofika Ufaransa baada ya safari ngumu ya uhamiaji alikuwa anatafuta mahali pa kufundishwa ngumi. Watu wa ukumbi wa mazoezi aliouingia mjini Paris ndio waliomshawishi ajaribu mapigano mchanganyiko. Akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC Machi 2021, kisha Januari 2023 akaachana na kampuni hiyo baada ya kutoafikiana kuhusu mkataba, na moja ya mambo aliyoyadai ni uhuru wa kupigana ngumi. Oktoba mwaka huohuo, mjini Riyadh, alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu na kupoteza kwa pointi za majaji waliogawanyika. Vijana wenu bila shaka wanaishi kwa pigo lile. Basi wakumbusheni pia Machi 2024, Anthony Joshua alipommaliza katika raundi ya pili tu. Ninachokiona mimi katika habari hii si nani fundi zaidi, bali ni kwamba mtu aliyekuwa kileleni mwa kizimba alitazama juu na bado akauona ulingo.

Sasa tuje nyumbani, ambako jibu langu halina kigugumizi: Afrika Mashariki ni ya ngumi. Mchezo huu uliletwa na wakoloni na kukuzwa katika majeshi, polisi na magereza, ukatupatia majina ambayo wazee wanayataja bila kufikiri: Titus Simba aliyeiletea Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, Robert Wangila wa Kenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, John Mugabi wa Uganda aliyepata fedha Moscow 1980 kabla ya kwenda kupigana na bingwa wa dunia Marvin Hagler. Mtoto anayeanza leo anajua kuna njia kutoka gereji ya mtaani hadi Olimpiki. Mapigano mchanganyiko hayamo katika Olimpiki, na nje ya miji michache mikubwa si rahisi kumpata mwalimu.

Tena bondia ni mtoto wa jirani. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham akiwa mgeni asiyetarajiwa kufanya lolote, akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili, na Tanga nzima ikawa imeshinda. Halafu kuna Karim Mandonga, ambaye mafundi wa ngumi humkunjia uso, lakini aliyewafanya hata watu wasiojua tofauti ya konde na kofi watege televisheni ili wasikie tambo zake; Januari 2023 alikwenda Nairobi na ngumi aliyoibatiza jina la Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi, na jina la ngumi likawa maarufu kuliko pambano. Umaarufu wa namna hii hauji kwa runinga pekee, unahitaji mtu anayetamba kwa lugha yako.

Liko pia suala la kuusoma mchezo. Niliwahi kutazama UFC katika kibanda chenye watu kama ishirini. Wapiganaji waliposimama, kelele zilikuwa zilezile za ngumi, walipoangushana na mmoja akaanza kutafuta kabali polepole, akihamisha goti, kisha mkono, kisha nyonga, ukimya ukatanda, na mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa dhati kabisa, “Hawa wamelala?” Kilikuwa ndicho kipindi chenye ufundi mwingi kuliko vyote usiku ule, na wengi wakakitumia kununua kahawa. Ajabu ni kwamba ugomvi wetu wa utotoni ulikuwa na mtama, kipepsi, kabali na kubiringishana mchangani, vitu ambavyo vimo kizimbani na havimo ulingoni. Tunavijua kwa mwili, ila hatujafundishwa kuvitazama.

Kwa hiyo waambie vijana kwamba mwaka mzima UFC huuza vizuri kuliko promota yeyote mmoja wa ngumi, na waambie wenzako kwamba usiku mkubwa na mitaa yetu bado ni mali ya ngumi. Wakubwa wa UFC wenyewe wanalijua hilo: Septemba 2025 Dana White, bosi wao, alikuwa miongoni mwa waandaaji wa pambano la ngumi la Canelo Álvarez na Terence Crawford, lililojaza uwanja wa Las Vegas kwa watu zaidi ya 70,000.

SWALI: Mume wangu huamka alfajiri kila Jumapili kutazama UFC na kuamsha watoto. Kwa nini wasipigane jioni kama ngumi za hapa kwetu? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

JIBU: Mama, wanapigana jioni, isipokuwa ni jioni ya Marekani. Jumamosi usiku kule ni Jumapili alfajiri kwetu, na hili nalo ni sababu mojawapo ya mchezo huo kuwa na mashabiki wachache hapa kuliko unavyostahili. Mapigano ya Abu Dhabi na Riyadh hutufikia kwa saa za kistaarabu zaidi, na ligi ya mapigano mchanganyiko ya PFL Africa, ambayo ilianza 2025 mjini Cape Town Ngannou akiwa mwenyekiti wake, hupigana kwa saa za bara hili. Kwa usiku wa Las Vegas, mwambie baba watoto kwamba pambano kuu ni la mwisho, na kwa kawaida hukaribia saa 1 asubuhi. Akiamka saa 11 na nusu atakosa mapambano ya mwanzo, si lile kuu, na vipokea sauti vya masikioni havigharimu pesa nyingi.