Mheshimiwa Akija na Fedha za Filamu, Angalia Tarehe

Simu ilipigwa saa moja usiku nikiwa Sinza kwa mhariri wangu. Aliyepiga alikuwa msaidizi wa mwanasiasa mmoja ambaye sitamtaja. "Dada, Mheshimiwa ameiona ile kazi yako ya kwanza na ameipenda sana. Anaomba mwonane kesho."

Wakati ule filamu yangu ilikuwa imesimama wiki ya tano. Tulishashuti sini kumi na tisa Bagamoyo, fedha zikakata. Mwenye jenereta alikuja kuchukua mali yake mchana kweupe, waigizaji wakiwa na vipodozi usoni. Vijana wa taa walikuwa wanadai, mama wa chakula alikuwa anadai, na mimi nilikuwa silali. Kwa hiyo simu ile niliipokea kama dua iliyojibiwa, na ndiyo maana leo nawaandikia ninyi mnaotayarisha filamu kwa fedha za kuungaunga. Mtu mwenye deni hasikii vizuri.

Tulikutana hotelini. Nakiri kwamba alikuwa ameitazama kweli ile filamu. Alinitajia sini ya mama anayeanua nguo mvua ikianza, akaeleza kwa nini ilimgusa. Akasema atanipa milioni arobaini, nusu sasa na nusu baadaye. Nilipouliza habari za mkataba, akaniambia, "Sisi ni ndugu, karatasi za nini?" Msaidizi wake akaweka bahasha ya kaki mezani. Masharti yalikuwa matatu, na yalitajwa kana kwamba ni maongezi tu: atatembelea seti akiwa na wapiga picha wake, atakuwa mgeni rasmi siku ya uzinduzi, na waigizaji wangu wawili wakuu watapiga naye picha na kuzirusha kwenye kurasa zao.

Sasa niseme lile ninalojutia. Nilijua kwamba anachunguzwa. Magazeti yalikuwa yameandika kwa zaidi ya mwezi kwamba anahojiwa kuhusu zabuni ya mradi wa maji. Nilijua, nikajiambia hayo ni ya siasa, mimi ni mtu wa sanaa. Nikachukua bahasha.

Alikuja Bagamoyo Jumamosi na magari matatu. Akavaa spika za masikioni za mtu wa sauti, akashika klapa, kile kibao kinachogongwa kabla ya kushuti sini, akaketi kwenye kiti cha muongozaji. Wapiga picha wake walifanya kazi kwa bidii kuliko wangu. Kuna picha moja ambayo ninaweza kuichora gizani: yeye ameinama kuangalia skrini ya kamera, mimi nipo pembeni nacheka, mkono wangu uko begani mwake. Hadi jioni picha ile ilikuwa kila mahali. Watu waliokuwa wakiuliza juzi mabomba ya maji yako wapi, siku ile walikuwa wakiuliza filamu inatoka lini. Nilisoma maoni yale nikiwa kwenye gari tukirudi Dar, na hapo ndipo nikaelewa kilichonunuliwa. Skripti yangu hakuihitaji. Alichohitaji ni watu wabadilishe mazungumzo, na sisi tulimbadilishia kwa siku moja.

Wiki kumi na moja baadaye niliitwa kutoa maelezo. Sikutukanwa wala kutishwa, niliulizwa tu. Bwana mmoja alikuwa ameichapisha ile picha kwenye karatasi, akaiweka mbele yangu. Milioni ishirini zilipokelewa wapi? Nani alishuhudia? Kwa nini hazikupita benki? Zilitumikaje? Nilikuwa na risiti za mafuta ya jenereta na za nyumba tuliyolala, basi. Waigizaji nilikuwa nimewalipa mkononi, chakula mkononi, bodaboda mkononi, kama sote tunavyofanya. Siku mbili nilikaa kwenye kiti kile nikijaribu kukumbuka nani nilimpa elfu thelathini na nani elfu hamsini. Akaunti ya kampuni ilizuiwa kwa miezi saba. Nusu ya pili ya fedha haikuja kamwe, na namba ya msaidizi ikawa haipatikani.

Na Mheshimiwa? Hakushtakiwa. Suala lake lilikwisha kimyakimya. Langu ndilo lililobaki, kwa sababu mtandao haufuti picha, na hadi leo kuna mdhamini akisikia jina la kampuni yangu anauliza kwanza kuhusu yule bwana.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu, na kama huna muda wa kusoma mengine chukua huu peke yake. Mwanasiasa akikujia na fedha, andika tarehe mbili kwenye karatasi: tarehe ambayo habari za uchunguzi wake zilianza kutoka, na tarehe ambayo alianza kupenda filamu. Ziangalie. Kama alikuwa anakuja kwenye maonyesho yetu miaka kumi iliyopita, analipa kiingilio, anakaa hadi mwisho, huyo ni mpenzi wa filamu aliyepata matatizo. Kama mapenzi yalianza mwezi mmoja baada ya wachunguzi kubisha hodi, umeshapata jibu.

Usidhani haya ni ya kwetu wenye bajeti ndogo tu. Chukua mkasa wa Malaysia, ambao nimeufuatilia kwa miaka kwa sababu nilijiona ndani yake. Mwaka 2009 Najib Razak alipokuwa waziri mkuu, serikali yake ilianzisha mfuko wa maendeleo ulioitwa 1MDB. Mwaka uliofuata mtoto wake wa kambo, Riza Aziz, na mwenzake Joey McFarland walianzisha kampuni ya filamu Marekani, Red Granite Pictures. Vijana wasio na historia yoyote kwenye sinema, na fedha zisizoisha. Mwaka 2011 walijitambulisha kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa sherehe ambayo Kanye West alitumbuiza. Mwaka 2013 wakatoa The Wolf of Wall Street, ya muongozaji Martin Scorsese, iliyogharimu takriban dola milioni 100. Mtu aitwaye Jho Low, mfanyabiashara wa karibu na familia ile, alishukuriwa mwishoni mwa filamu, na mwigizaji wake mkuu, Leonardo DiCaprio, alipopokea tuzo ya Golden Globe Januari 2014 akawashukuru jukwaani wote watatu, Riza, Joey na Jho.

Fikiria watu waliokuwa kwenye seti ile. Wana mawakili, wana wahasibu, wana mawakala. Fedha zikapita katikati yao wote.

Julai 2015 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba karibu dola milioni 700 ziliingia kwenye akaunti za Najib. Mwezi huohuo mwanasheria mkuu wa Malaysia, aliyekuwa akisimamia uchunguzi, aliondolewa kazini, na Januari 2016 mrithi wake akasema Najib hana kosa. Katikati ya moshi wote huo, Desemba 2015, filamu nyingine yenye mkono wa Red Granite ilikuwa inaingia kwenye majumba ya sinema kama kawaida. Watu walikata tiketi, wakacheka, wakarudi nyumbani. Kisha Julai 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ikafungua madai ya kutaifisha mali ya zaidi ya dola bilioni moja, na ndani ya orodha, pamoja na majumba na michoro, zilikuwamo haki za The Wolf of Wall Street. Wakasema fedha zake zilitoka kwenye ule mfuko wa wananchi wa Malaysia. Mwaka 2017 wakaongeza filamu mbili. Machi 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 60 kumaliza shauri, bila kukiri kosa.

DiCaprio hakushtakiwa kwa lolote. Lakini alirudisha zawadi alizopewa, ikiwamo sanamu ya Oscar aliyoshinda Marlon Brando. Mimi hapo ndipo huwa nasimama. Mwigizaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, anakabidhi sanamu ya dhahabu kwa maofisa wa serikali kwa sababu ya urafiki wa kwenye seti. Mtu yule atakuwa na watu hamsini wa kumlinda. Wewe na mimi tuna nani?

Najib alishindwa uchaguzi Mei 2018. Mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka 12 katika kesi ya kampuni iliyokuwa chini ya mfuko ule, akaingia gerezani Agosti 2022, na baadaye adhabu hiyo ikapunguzwa kwa nusu. Riza Aziz alishtakiwa 2019 kwa makosa ya utakatishaji, yaani kusafisha fedha haramu zionekane halali, wa dola milioni 248, akakana. Mwaka 2020 mashtaka yakaondolewa baada ya makubaliano ya kurudisha mali.

Sisemi kila anayechunguzwa ni mwizi. Kuchunguzwa si kutiwa hatiani, na wapo wanaochunguzwa kwa chuki za kisiasa. Kule Tamil Nadu, India, ambako filamu na siasa zimelala kitanda kimoja tangu zamani, mbunge Kanimozhi, binti wa Karunanidhi aliyekuwa mwandishi wa filamu kabla ya kuwa kiongozi wa jimbo, alikamatwa mwaka 2011 kwa kesi iliyohusu fedha zilizoingia kwenye kituo cha televisheni cha familia. Desemba 2017 mahakama maalumu ya Delhi iliwaachia washtakiwa wote, ingawa upande wa mashtaka ulikata rufaa. Ona lakini idadi ya miaka. Mwanasiasa anaweza kuishi miaka sita na kesi. Ana chama, ana wafuasi, ana posho. Kampuni yenye kamera mbili na deni la jenereta haiwezi kuishi miezi sita.

Ndiyo maana naomba uisome Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, hata kama unachukia sheria. Hapa kwetu Tanzania haimgusi tu aliyejua kwamba fedha ni chafu. Inamgusa pia aliyepaswa kujua. Rudia maneno hayo: aliyepaswa kujua. Kama habari ilikuwa gazetini mwezi mzima, utamwambia hakimu hukuiona? Na kosa la utakatishaji kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa yale yasiyo na dhamana. Unaweza kukaa ndani kabla hata ya kesi kuanza kusikilizwa.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Fedha inapita benki, kutoka akaunti yenye jina hadi akaunti ya kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mkataba uliopitiwa na wakili. Mtoaji anaandika fedha zinatoka kwenye biashara gani. Anayesema "sisi ni ndugu" namjibu kwa upole kwamba kwa kuwa ni ndugu, sitaki aje kuulizwa maswali kwa ajili yangu. Wengi huishia hapo, wala hawarudi. Daftari la matumizi ninalo hata la bodaboda. Anayelipwa anasaini au anatumiwa kwa simu ili ujumbe ubaki. Na kwenye mkataba kuna kifungu kwamba mdhamini hapigwi picha kwenye seti bila idhini yangu ya maandishi. Hicho kifungu kimenifukuzia wadhamini wawili, na wote wawili sikuwalilia.

Kukataa pia kuna adabu yake, maana Mheshimiwa ni Mheshimiwa na kibali chako cha kesho kinaweza kupita mikononi mwa rafiki yake. Usimkatalie mbele ya watu. Usiutaje uchunguzi wake. Usiandike chochote mtandaoni. Mwambie msaidizi wake, "Mwambie nashukuru sana, ila filamu hii tayari ina wadau na mkataba wao hauniruhusu kuongeza mwingine." Lakini iwe kweli, kuwa na hata mdau mmoja mdogo mwenye mkataba wa namna hiyo. Kwangu mimi mdau huyo ni shangazi yangu, ana duka la vitenge Kariakoo. Aliweka laki tano, na karatasi yake imeniokoa mara tatu.

Na kama bahasha umeshaipokea, usiitumie. Najua jenereta inadai. Iweke kama ilivyo, mtafute wakili leo hii, irudishwe kwa maandishi huku kuna shahidi. Kama umeshaitumia, anza usiku huu kuandika kila ulichokumbuka, shilingi kwa shilingi, kabla hujaitwa. Ukiitwa, nenda na wakili na sema ukweli wote mara moja. Nusu ya siku zangu mbili kwenye kile kiti ziliisha kwa sababu nilianza kwa kumlinda mtu ambaye hakuwa akinilinda.

Waambie na waigizaji wako. Wao ndio wanaotumwa wakiwa na tabasamu, na hawaambiwi ni kwa ajili ya nini. Binti aliyecheza sehemu kuu kwenye filamu yangu alikuwa na miaka ishirini na mbili, katoka chuo Bagamoyo, ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alitukanwa wiki mbili kwa sababu ya picha niliyomwambia mimi apige. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake.

Filamu ile ilikamilika mwaka jana, kwa fedha za shangazi, za mhariri aliyekubali kusubiri, na za harusi ishirini na sita nilizozishuti wikiendi. Sini ya Mheshimiwa akishika klapa sikuiweka hata kwenye picha za nyuma ya kamera. Siku ya mwisho nilikwenda Bagamoyo kwa daladala kumlipa mwenye jenereta laki tatu na themanini alizokuwa ananidai. Alizihesabu mara mbili, akaniandikia risiti, nikamwomba aweke na tarehe.