Jibu kwa aliyeuliza: mweka hazina wa jimbo huku Marekani ndo waziri wa fedha wa jimbo?

Mkuu, umeuliza kama mweka hazina wa jimbo huku Marekani ndo waziri wa fedha wa jimbo, na kama sivyo kwa nini watu wanapanga foleni kumpigia kura, na je akigoma kulipa inakuwaje. Naona wachangiaji wa juu wameshakupeleka njia mbili, mmoja kasema ni kama Katibu Mkuu Hazina wa kwetu Tanzania, mwingine kasema ni kama CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Kila mmoja kagusa kipande. Mi niko Pennsylvania miaka mingi sasa, kazi yangu ni uhasibu kwenye mashirika madogo ambayo hela yao kubwa inatoka serikalini, kwahiyo kazi ya huyu mtu niliijua kabla hata ya kujua jina lake.

Kwanza futa hilo la waziri wa fedha. Bajeti ya jimbo inaandaliwa na gavana na ofisi yake ya bajeti, inapitishwa na bunge la jimbo, kodi inakusanywa na idara ya mapato ambayo nayo iko chini ya gavana. Mweka hazina hapo hayupo kabisa. Hapangi kodi, hasemi shule zipewe ngapi na barabara ngapi. Yeye anaipokea hela ikishaingia, anaitunza, ile ambayo siku yake ya kutumika bado anaiwekeza, na siku ya kutoka lazima ipite mkononi kwake. Kwa Pennsylvania ukijumlisha mifuko yote anayoitunza ni zaidi ya dola bilioni 100, sasa piga hesabu riba ya wiki moja tu kwa hela kama hiyo, mtu akizembea kuiwekeza jimbo linapoteza mamilioni na hakuna mwananchi atakayejua. Alafu anakaa pia kwenye bodi za mifuko ya pensheni ya walimu na ya wafanyakazi wa jimbo, na jimbo likitaka kukopa kwa hatifungani yeye ni mmoja wa wanaohusika kuzitoa, pamoja na gavana na mkaguzi mkuu.

Utamu uko kwenye hela kutoka. Katiba ya jimbo inasema hela haitoki hazina mpaka kuwe na sheria iliyoidhinisha matumizi. Idara ikitaka kumlipa mkandarasi inaandaa malipo, yanapita kwa wahasibu wa upande wa gavana, ndo yanafika kwa mweka hazina, na watu wake wanayakagua KABLA hela haijatoka, mkataba upo? kiasi kinalingana? kifungu kina hela? Wakiona haijakaa sawa wanarudisha, idara irekebishe au ilete maelezo, na wakishindwana kabisa mahakama zipo. Mkaguzi mkuu wa jimbo (naye anapigiwa kura) anakuja baadaye kuangalia kilichokwisha kulipwa. Kwahiyo ndugu yangu wa CAG tofauti yenu ni hapo, CAG anakuja nyuma. Na wa Katibu Mkuu Hazina, ni kweli yule ndo Mlipaji Mkuu wa Serikali, ila yule kateuliwa na rais, huyu wa hapa Pennsylvania gavana hawezi kumfukuza hata akiamka vibaya. Wakenya mtanielewa haraka zaidi, mfikirieni Msimamizi wa Bajeti ambaye kaunti haitoi hela bila idhini yake, sasa mpeni na kazi ya kuwekeza alafu mpeni kura za wananchi.

Mwaka 2015 nilikuwa kwenye shirika linalowahifadhi akina mama waliokimbia vipigo nyumbani na watoto wao. Mwaka wa fedha wa jimbo unaanza tarehe 1 Julai. Gavana Tom Wolf na bunge wakashindwana kuhusu bajeti, Julai ikapita, Agosti ikapita, mvutano ukaenda mpaka Machi 2016. Hela ilikuwepo!! Kodi zinaendelea kukatwa kila siku, hazina imejaa, ila hakuna sheria ya kuitoa, na mweka hazina hana ruhusa ya kuitoa kwa huruma. Wafanyakazi wa jimbo wenyewe mishahara waliendelea kupata, walioumia ni sisi wa chini, mashirika, shule, kaunti. Sisi tulikopa benki ili tulipe umeme na mishahara, na riba ya ule mkopo hakuna aliyetulipa mpaka kesho. Bosi wangu akawa anapiga simu hazina kufoka, nikamwambia mama, hao unaowafokea ndo wasio na kosa, piga kwa mbunge wako. Alipiga. Hela haikuja kwa simu hiyo wala nyingine, lakini walau alifoka panapostahili.

Mwaka 2025 yakajirudia, bajeti ikachelewa mpaka Novemba. Safari hii mweka hazina Stacy Garrity alikuja na njia ya pembeni, akatangaza hadi dola milioni 500 za kuzikopesha kaunti na vituo vya watoto wa familia za kipato cha chini wakati wanasubiri. Yaani hakulipa bajeti, maana hawezi, alitumia ile mamlaka yake ya KUWEKEZA, mkopo ukahesabika kama uwekezaji. Mi niliona ni ujanja wa maana. Ila mwaka huohuo akatangaza kugombea ugavana dhidi ya gavana aliyekuwa madarakani, Josh Shapiro, so usishangae wengine waliuona kama kampeni. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Na hapo unapata jibu la kwa nini anapigiwa kura na kwa nini kura yenyewe ina matatizo yake. Wazo ni kwamba anayepanga matumizi asiwe ndo mwenye funguo. Sawa. Ila ukimfanya mtunza funguo kuwa mwanasiasa anaanza kuangalia ngazi inayofuata. Ann Richards wa Texas alitoka kwenye kiti hichohicho akawa gavana 1991, huyo alipanda kihalali. Hapa Pennsylvania mweka hazina Rob McCord alijiuzulu Januari 2015 akakiri mahakamani kuwa alijaribu kuwabana watu wenye biashara na serikali wachangie kampeni yake ya ugavana. Fikiria unadai malipo yako alafu anayekuomba mchango ndo huyohuyo anayeyapitisha, utakataa na nini?

Ndo maana kila jimbo na utaratibu wake. Mengi wanampigia kura, lakini Maryland, Maine, New Hampshire na Tennessee anachaguliwa na bunge la jimbo, kwingine gavana anateua. Minnesota wananchi waliamua 1998 kiti kife, kikafa 2003. Texas ndo kichekesho, Martha Whitehead aligombea 1994 akiahidi kuifuta ofisi yake mwenyewe, akashinda, wananchi wakapitisha 1995 na 1996 ofisi ikafungwa, kazi zikahamia kwa mdhibiti wa hesabu. Kwahiyo wewe mdau wa Houston usitafute mweka hazina kwenye karatasi ya kura, hayupo. California na Illinois wana wote wawili, mdhibiti anaandika malipo, mweka hazina anatunza na kuwekeza. Hata zile hati za ahadi California ilizotoa badala ya hela 2009 ilipokaukiwa, alizitoa mdhibiti.

Sasa kitu ambacho wengi wa diaspora kinawahusu moja kwa moja na hawakijui, hela zisizodaiwa. Mshahara wa mwisho ambao hukuuchukua, dipoziti ya umeme ya nyumba uliyohama, akaunti ya benki uliyoisahau, bima ya marehemu. Hapa Pennsylvania kampuni isipopata mawasiliano na wewe kwa miaka mitatu (mshahara ni miwili) inatakiwa kuikabidhi kwa mweka hazina, na yeye anaitunza kwa jina lako bila ukomo. Ziko zaidi ya dola bilioni 4 zimekaa tu! Wanatunza mpaka vitu vya kwenye visanduku vya benki, vito vinaweza kupigwa mnada na hela ikawekwa, ila nishani za wanajeshi hawauzi.

Nimewasaidia wengi hapa Lancaster, hasa Wakongo, na tatizo kubwa ni majina. Tafuta jina lako kwenye tovuti ya hazina kama lilivyo, alafu ligeuze, la ukoo liwe la kwanza, alafu andika kimakosa kama karani wa mapokezi angeliandika, toa herufi, unganisha majina mawili. Kuna jamaa hela yake ilikuwa imeandikwa kwa jina la kati tu. Kudai ni bure, kwahiyo anayekuandikia barua akutafutie kwa asilimia mwache. Ya marehemu utaombwa cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu. Na tangu 2025 zile ndogo za hadi dola 500 zenye mwenyewe mmoja hazina inazirudisha yenyewe, inatangulia barua kisha cheki, sasa watu wetu barua wanaitupa wakidhani matapeli. Soma kwanza, kama una wasiwasi piga namba iliyo kwenye tovuti yao, sio ya kwenye barua. Walioko Kenya nao wana mamlaka yao ya mali zisizodaiwa, UFAA, ila hiyo haiko chini ya mtu wa kupigiwa kura.

Kingine cha haraka kwa wazazi wa Pennsylvania, mtoto aliyezaliwa hapa kuanzia 2019 hazina imemuwekea dola 100 za masomo ya baada ya sekondari na zinawekezwa zikue, mzazi anajisajili kwenye tovuti yao ndo anaziona.