Re: Nitajuaje chuo kina vitendo kweli kwenye uandishi wa habari?

Habari mkuu. Umeuliza utajuaje kabla hujalipa ada. Anza na chombo cha habari cha chuo chenyewe: UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana redio na televisheni ya Mlimani, SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) Mwanza wana Radio SAUT. Ila kuwa na studio hakutoshi kabisa. Nenda siku ya kazi, uwaulize wanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisi ya udahili: kamera moja mnagawana wangapi? Wakiwa 20, wengi watashika stendi tu. Kazi zenu zinarushwa hewani, au zinaishia kwenye flashi ya mwalimu? Habari inayorushwa hupita kwa mhariri, na akiirudisha mara tatu ndipo unajifunza. Barua ya fildi (mafunzo ya vitendo kazini) omba mapema, nafasi hujaa.