Likizo ndefu imeanza: je, nimfungie kijana wangu ndani?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mama, naishi Kisauni, Mombasa. Mume wangu yuko Qatar kikazi. Nina kijana wa miaka 15 na binti wa miaka 13. Alfajiri niko kwenye meza yangu nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Tangu skuli zifungwe, kijana hulala mpaka adhana ya Adhuhuri, kisha ni simu, na baada ya Alasiri hutoka, harudi ila Isha imeshasaliwa. Juzi niliishika simu yake nikaona anabeti, na pesa nyingine alizitoa kwenye M-Pesa yangu. Kaka yangu asema nimnyang'anye simu na nimfungie ndani. Baba yake ataka tumpeleke chuo (madrasa) cha bweni huko bara miezi hii miwili, kwa mtu tuliyeambiwa kuwa ananyoosha watoto watukutu. Je, nilikosea kupekua simu yake? Naweza kumfungia? Na binti yangu, ambaye hana neno, amelalamika kuwa likizo kwake ni kazi tu. Je, ana haki?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na swahaba zake.

Dada yangu, umeuliza kuhusu simu, mlango na chuo. Hukuuliza, wala hukunieleza, kijana huyu akitoka baada ya Alasiri huwa na nani. Kaka yako ana rai na baba yake ana rai, lakini katika barua yako yote sikuona jina la rafiki hata mmoja. Naanza hapo, kwa sababu majibu mengine yote yanategemea hilo.

Katika Sura Yusuf, ndugu zake Yusuf walimwendea baba yao, Nabii Yaaqub alayhis salaam, wakamwomba amwachie mtoto watoke naye kesho yake akafurahi na kucheza. Tazama jibu la mzee. Hakusema kucheza ni haramu, wala hakusema mtoto wa Nabii hatoki. Wapo wanavyuoni wa tafsiri waliochukua hapo dalili kwamba mchezo wa halali unajuzu. Alichosema ni kuwa anahuzunika kutengana naye, na anachelea mbwa mwitu asije akamla na wao wameghafilika naye. Basi mbwa mwitu yule hakumgusa Yusuf. Waliomtia kisimani ni wale wale alioaminiwa kwao. Miaka ikapita, wakaja kumwomba mtoto mwingine, naye akawauliza kama awaamini kwa huyu kama alivyowaamini zamani kwa nduguye, na hakumtoa mpaka walipompa ahadi kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa watamrudisha.

Sisi wazazi wa leo tumekaa na hofu ya mbwa mwitu: bahari, barabara, vijana wa mapanga. Hofu hizo ni za kweli, na wewe wa Kisauni hapana haja nikusimulie. Lakini kabla ya "unakwenda wapi?" muulize "na nani?", na jibu la "na mabeshte" lisikutoshe. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mtu yuko katika dini ya rafiki yake, basi atazame mmoja wenu anafanya urafiki na nani, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Wajue kwa majina. Wajue mama zao. Wewe una meza ya mahamri, neema ambayo wazazi wengi hawana: mwambie siku moja awalete wenzake wapate chai. Kijana akishakula kwako ni vigumu kumvuta mwanao mabayani bila kukuonea haya, na ikiwa yuko asiyetaka kabisa kuonana nawe, hapo umeshapata habari.

Sasa simu. Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12, na kijana ana siri zake na heshima yake. Wakati huo huo Mtume (s.a.w.) amesema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga, na mama ametajwa waziwazi katika hadithi hiyo ya Bukhari na Muslim kuwa ni mchunga wa nyumba ya mumewe na watoto wake. Pesa zako zilikuwa zinapotea, nawe ni mlezi wake. Kuangalia kwa sababu iliyo wazi namna hiyo hakuingii katika upelelezi uliokatazwa. Kinachokatazwa ni kuifanya tabia, kila usiku kuvizia alale ukasome mazungumzo yake yote, na kibaya zaidi ni kuyatoa nje. Kama ulikwisha kuwahadithia mashangazi na majirani habari ya kubeti kwake, acha leo. Anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na akhera, na mwanao ndiye wa kwanza kustahiki sitara yako.

Kubeti kwenyewe hakuna mjadala. Ni kamari, na kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Sura Al-Maida, aya ya 90, kuwa ni uchafu katika kazi ya Shetani. Hata sheria ya nchi haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Mkalishe, wewe na yeye tu, mwambie uliyoyaona bila kuzunguka. Pesa alizozitoa kwenye simu yako ni deni, na deni hilo alilipe kwa kazi. Usimsamehe haraka kwa huruma, wala usimwite mwizi. Na ubadilishe namba yako ya siri, dada yangu, usingoje kesho.

Usiku ndio unaoharibu mchana wake. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wekeni kanuni ya nyumba nzima: saa nne usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, na yako ikiwemo. Kanuni inayomhusu mtoto peke yake ni adhabu, naye ataitafutia njia. Akilala mapema, umwamshe Alfajiri kabla hujatoka na beseni lako. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyetimiza miaka 15 ya hijria ni baleghe hata kama hakuona alama nyingine, kwa hiyo Sala hizo za Alfajiri anazozilala ni za wajibu na zina kadha, yaani azilipe. Mwambie hivyo kama unavyomwambia mtu mzima, maana katika hesabu ya Sala ndivyo alivyo.

Kumfungia ndani kwa kufuli na wewe uko kazini, hapana. Nyumba ina jiko, ina nyaya za umeme, na moto haungoji mama arudi. Kisheria pia, huo ni udhia kwa mtu ambaye hukumu yake ni kulelewa. Na wavulana wa miaka 15 wanajua kuruka ukuta. Kumnyima ruhusa ya kutoka siku mbili tatu kwa kosa maalumu, huku mtu mzima yuko nyumbani, hilo ni jambo jingine na una haki nalo.

Nakuja kwa rai ya baba yake, na hapa naomba mume wako naye asome. Kumpeleka mtoto mbali kusoma dini ni jambo la kheri na lina asili. Malik bin al-Huwayrith (r.a.) amesimulia kuwa walikwenda kwa Mtume (s.a.w.), vijana walio rika moja, wakakaa kwake siku ishirini. Anasema alikuwa mpole, mwenye huruma, na alipohisi kuwa wamewatamani watu wao, aliwauliza wamemwacha nani nyuma, kisha akawaambia warudi kwao, wakae nao na wawafundishe. Iko katika Bukhari na Muslim. Huyo ndiye mwalimu, na hiyo ndiyo bweni: upole, muda unaojulikana, na mtoto akikumbuka kwao anasikilizwa.

Huyo "anayenyoosha watoto watukutu" simjui, na simtuhumu. Lakini neno hilo lenyewe linanitia wasiwasi. Mwaka 2019 huko Kaduna, Nigeria, polisi waliwakuta mamia ya wavulana na wanaume ndani ya jengo lililojulikana kuwa ni chuo cha Kiislamu, wengine wamefungwa minyororo, na wapo waliopelekwa na jamaa zao wenyewe kwa nia ya kurekebishwa. Kabla hujatoa shilingi, nenda ukaone kwa macho yako. Uliza ni mtu mzima gani anayekuwa na watoto usiku, wakubwa na wadogo wanalala chumba kimoja au mbalimbali, mtoto anaweza kukupigia simu bila kusimamiwa, na mzazi anaruhusiwa kufika bila kutoa taarifa. Akisema mzazi hafiki miezi miwili "ili mtoto azoee", rudi na mwanao. Nabii Yaaqub alitaka ahadi kwa wanawe mwenyewe, seuze mtu uliyeambiwa tu habari zake.

Binafsi ningependa likizo hii abaki nawe. Kinachopungua nyumbani ni nafasi ya baba yake, si mtoto wa kuondolewa. Saa za Qatar na za Mombasa ni moja. Sura Yusuf ina aya 111, nayo kwa miezi miwili ni kama aya mbili kwa siku. Kijana ahifadhi, na kila baada ya Isha amsomee babake kwa simu, kisha wazungumze mambo mengine: mpira, kazi, chochote. Baba asikate simu baada ya "umekula?".

Mchana wake upe kazi ya kweli, yenye jina na ujira. Anas bin Malik (r.a.) alimhudumia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu akiwa mtoto, na anasema hakuwahi kuambiwa hata "uff". Siku moja alitumwa, akapita kwa watoto wanaocheza sokoni, akasimama. Mara akashikwa kisogoni kwa nyuma, kugeuka, ni Mtume (s.a.w.) anacheka, akamuuliza, "Ewe Unays, umekwenda nilikokutuma?" Naye akajibu, "Ndiyo, naenda." Hadithi hii imepokewa na Muslim, nami kila nikiisoma naona malezi mazima yamo humo: mtoto alitumwa, aliteleza kidogo, alifuatwa, akachekewa, na kazi ikabaki ni yake.

Basi nawe mtume kazi kijana wako. Asubuhi akae nawe mezani, ashike daftari la mauzo, umlipe kidogo na ukate deni lako humo. Au umtafutie fundi unayemjua, wa simu, wa mbao au wa kushona, akakae naye saa chache. Sheria ya kazi ya Kenya inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru afya wala masomo; bodaboda haimo, hata akikuomba kwa machozi. Asipewe kazi ya kutwa. Alasiri iwe yake.

Mpira naye aende. Bahari vile vile, kwa masharti. Umar bin al-Khattab (r.a.) aliandika kuagiza vijana wafundishwe kuogelea, watu hupenda kulinasibisha neno hilo kwa Mtume (s.a.w.), lakini lililo mashuhuri ni la Umar. Amesema wafundishwe. Kumwachia mtoto asiyejua kuogelea aende na kundi ufuoni siku za sikukuu, watu wamejaa na maji yamejaa, hapana. Awepo mtu mzima ajuaye maji ya hapo, na avae kinachofunika kitovu hadi magoti. Magharibi ikiadhiniwa awe msikitini au nyumbani.

Muguka, majani yale ya kutafuna ya jamii ya miraa, sitaurefusha. Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, na mahakama ikaisimamisha amri ile siku chache baadaye. Usingoje serikali. Mwambie mwanao ukweli kuhusu unavyowafanya wakubwa anaowaona maskani, usingizi ulivyowatoka na kazi zilivyowashinda, naye ataona mwenyewe.

Binti yako ana haki, na nimemweka mwisho kwa sababu nawe umemweka mwisho. Hakuna anayemlalamikia, kwa hiyo hakuna anayemtazama. Mtume (s.a.w.) amesema, "Mcheni Mwenyezi Mungu na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu." Mvulana anayelala mpaka Adhuhuri huku dadake anamfulia, huo si uadilifu, na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) hufanya nini nyumbani kwake, alisema alikuwa katika kazi za ahli zake. Vyombo na kufagia wagawane. Bibi Aisha huyo huyo alisimama nyuma ya Mtume (s.a.w.) akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, wala hakuharakishwa mpaka alipochoka mwenyewe, kisha akatuusia sisi tuthamini hamu ya msichana mdogo anayependa kucheza. Mwachie alasiri yake pia: rafiki zake, kitabu, kushona, ufuoni pamoja na wewe siku usiyouza.

Na usidhani kuwa aliye ndani yuko salama kwa kuwa yuko ndani. Likizo huleta wageni, binamu na wajomba, na watoto hubanwa chumba kimoja. Mtume (s.a.w.) ameamuru watoto wa miaka kumi watenganishwe malazini. Mwambie binti yako, na mwambie kijana wako vile vile, kuwa hakuna mkubwa yeyote, awe jamaa, awe mwalimu wa chuoni, mwenye ruhusa ya kumshika au kumwambia afiche siri usiijue. Akikujia na neno, mwamini kwanza. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto hapa Kenya, haina malipo; waandikie wote wawili ukutani.

Anza na usingizi na yale majina ya marafiki, mengine yatafuata. Na mambo yakikuzidi, njoo na kijana mwenyewe msikitini tuzungumze naye.

Wallahu aalam.